Moyo Yako Inadunda Ovyo? Kabla Useme Ni Mapenzi ama Umerogwa, Soma Hii

Lodwar, Kakuma, Kalobeyei, hadi wewe uko Nakalale umepanda mahali juu juu ndio mtandao ushike. Leo hatuna stori za nani ameachana na nani. Leo ni stori ya moyo, lakini ile ya nyama.

Hii kitu unaijua. Umekaa tu stejini, hujakimbia, hujakosana na mtu, alafu ghafla kifua inaanza kudunda kama subufa ya matatu ya Rongai. Dakika tano, kumi, alafu inajizima yenyewe. Ukienda hospitali unapimwa malaria, haiko. Presha iko sawa. Unaambiwa upunguze stresi, unarudi keja. Shosho anasema umerogwa. Beshte yako anasema ni yule dem. Na wewe mwenyewe umeanza kuogopa kulala.

Inaweza kuwa si kitu. Inaweza pia kuwa stima ya moyo yako iko na shida, na hiyo haiwezi kuonekana kwa damu ya malaria hata wakutoboe vidole vyote kumi.

Makanga wa moyo

Kila matatu iko na makanga. Kwa moyo, makanga ni kijisehemu kidogo kilicho juu, upande wa kulia, madaktari wanakiita nodi ya SA. Yeye ndiye anagonga bodi, "twende!" Stima yake inatambaa kwa vyumba viwili vya juu, vinaminya damu iende chini. Alafu inafika katikati, kwa nodi ya AV, na hapo ni kama rodibloki: stima inashikiliwa kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, ndio vyumba vya chini vijae kwanza. Ikiachiliwa inashuka kwa waya zake hadi vyumba viwili vya chini, na hao ndio mabeste wa kazi ngumu, wanasukuma damu kwa mapafu na mwili mzima.

Hiyo safari yote ni pigo moja. Ukiwa umetulia inafaa uwe na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa siku moja ni kama laki moja hivi, na huyo makanga hajawahi kuchukua likizo tangu ukiwa tumboni.

Wasee wengi wanachanganya hii na shambulio la moyo. Shambulio la moyo ni shida ya paipu: mshipa unaolisha moyo umeziba. Yetu ya leo ni shida ya stima. Nyumba moja inaweza kuwa na shida zote mbili, lakini fundi ni tofauti.

Si kila mdundo ni ngori

Kuna ile ya moyo kuruka pigo moja, unaskia kama imejikwaa alafu ikapiga moja kubwa. Hiyo wengi wetu tuko nayo. Ni pigo limekuja mapema kabla ya zamu yake, na kwa mtu ambaye moyo wake uko fiti huwa haina madhara.

Pia kuna moyo unaokimbia kwa sababu nzuri. Homa, kukosa damu, ujauzito, woga, na hapa kwetu jua. Ukitembea Lodwar saa nane mchana bila maji, damu inapungua maji na moyo unalazimika kupiga haraka. Ukiongeza kuhara hapo, unapoteza potasiamu, na potasiamu ndio chumvi ambayo stima ya moyo inaitegemea. Ndio maana pakiti ya ORS wakati unahara si ya watoto pekee.

Miraa na muguka ziko kwa hii listi pia. Ndani yake kuna kathinoni, ambayo inachochea moyo kama kiboko. Sasa kuna ule mchanganyiko wa vijana: kichungi ya usiku mzima, kopo mbili za enaji, na asubuhi shughuli ya boda kwa jua bila kula. Kopo moja dogo la mililita 250 linaweza kuwa na kafeini miligramu 80. Sikatazi mtu, lakini ukianza kudunda usiku wa manane usianze kutafuta mchawi kabla hujahesabu makopo.

Na kuna moyo wa polepole ambao ni baraka. Kakuma imetoa wakimbiaji wa kushindana na dunia. Rose Nathike Lokonyen, aliyelelewa kwa kambi, ndiye alibeba bendera ya timu ya wakimbizi Rio 2016. Mwanariadha aliyezoea mazoezi mazito akipimwa amelala anaweza kupatikana na mapigo 45 na yuko sawa kabisa, juu moyo wake kwa pigo moja unasukuma damu mingi. Lakini mzee wa miaka 70 mwenye mapigo 35 na anaanguka anguka akienda choo, huyo si mwanariadha. Huyo stima yake inakatika pale rodibloki.

Ngori yenyewe ni gani?

Ziko nyingi, nitakupea zile za muhimu.

Ya kwanza inaitwa SVT, na ndio inapenda vijana. Kuna watu walizaliwa na waya moja ya ziada kwa moyo. Siku nyingi haisumbui. Siku moja stima inaingia hiyo njia, inazunguka, inarudi ilikotoka, kama boda imeingia raundabauti na imesahau pa kutokea. Mapigo yanaruka hadi 180, 200. Alama yake: inaanza ghafla kama swichi, na inaisha ghafla kama swichi. Woga wa kawaida hupanda polepole na hushuka polepole. Hiyo tofauti ikariri, itakusaidia kwa daktari.

Ya pili ndio inaniuma zaidi, juu inakula vijana wa huku kwetu na hawaijui jina. Inaitwa AF, atriali fibrileshoni. Hapa vyumba vya juu havina makanga mmoja tena. Ni kama mamia ya makanga kwa steji moja, kila mtu anapiga kelele, hakuna gari inatoka. Vyumba vinatetemeka tu badala ya kuminya. Mapigo yanakuja bila mpangilio: ta, tata, ta, kimya, tatata. Damu ikikaa bila kusukumwa inaganda, bonge likitoka linapanda kwa ubongo, na hapo unaona kijana ameamka mdomo umeenda upande, mkono mmoja haufanyi kazi. Kiharusi.

Ulaya AF ni ugonjwa wa wazee. Kwa nini huku unaipata kwa msee wa miaka 25? Mara nyingi jibu ni koo. Ndio, koo. Mtoto anaumwa na koo kwa sababu ya bakteria wanaitwa streptokokasi, hapati dawa, inapita. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba na kuuma, hapa goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya rumatiki. Mwili ulikuwa unapigana na bakteria, sasa umechanganyikiwa unapiga vali za moyo. Miaka inapita, vali inakakamaa na tundu lake linakuwa jembamba, chumba cha juu kinavutika kwa presha, na chumba kikivutika waya zake zinaharibika. Ndio AF inaingia. Kuna utafiti uliitwa REMEDY, ulifuata wagonjwa zaidi ya 3,000 wa vali za aina hii kwa nchi 14, Kenya ikiwemo. Umri wa katikati wa wale wagonjwa ulikuwa miaka 28. Hiyo ni rika letu.

Kwa hivyo ukiwa na mdogo wako analalamika koo na homa, peleka dispensari. Dawa yake ni penisilini, ni kati ya zile za zamani na za bei ya chini kabisa. Na kama alishapatwa na homa ya rumatiki, ile sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne asikose hata moja, hata kama anahisi yuko poa. Kuhama na mifugo ndio hukatiza hizi sindano, kwa hivyo ulizia mapema dispensari gani iko upande mnaoelekea, na mbebe kile kitabu cha kliniki.

(Kando kidogo: Turkana imejulikana miaka mingi kwa hydatid, ile ya uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa. Kwa wachache sana uvimbe huo huota hadi kwa moyo na kuvuruga stima. Ni nadra, lakini daktari wa huku akiuliza kama mnalala na mbwa, ana sababu.)

Ya tatu ni ile ya kuua papo hapo, nitaiweka mwisho.

Kujua uko na nini

Anza na vidole vyako. Geuza kiganja juu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba pale kwa mkono. Utaskia mshipa. Washa saa ya simu, hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha, juu kama mapigo hayana mpangilio hesabu itakudanganya. Andika namba, na andika kama yanakuja sawasawa ama yanarukaruka.

Alafu andika mengine: ilianza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ilianza kama swichi ama polepole, ilidumu kwa muda gani, ulikuwa umekula au kutafuna nini, dawa gani unatumia. Kama unaweza kugonga ule mdundo kwa meza mbele ya daktari, gonga. Si utoto, inamsaidia kweli.

Sasa ile karatasi. Inaitwa ECG. Unalala kitandani, unawekwa vibandiko kumi, vinne kwa mikono na miguu, sita kifuani, na mashine inachora mawimbi ya stima ya moyo. Haiumi, haikupigi shoti, yenyewe inasikiliza tu. Aliyeibuni ni Mholanzi anaitwa Willem Einthoven, akapewa Nobel 1924. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na mgonjwa alikuwa anaweka mikono na miguu kwa ndoo za maji ya chumvi. Wagonjwa walikuwa hospitali, mashine ilikuwa labu yake kilomita moja na nusu mbali, kwa hivyo 1905 akatumia waya wa simu kuvuta mapigo kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Soma hiyo tena. Miaka zaidi ya 100 iliyopita mapigo ya moyo yalisafiri kwa simu. Leo karatasi ya ECG ikipigwa picha vizuri, jina likifunikwa, inafika kwa WhatsApp ya daktari wa moyo Eldoret kabla hujavaa shati. Kwa hivyo swali la kuuliza ukifika hospitali si kama kuna daktari wa moyo. Uliza kama kuna mashine ya ECG, na kama kuna mtu wa kuituma.

Lakini ECG ya kawaida inashika kama sekunde kumi tu. Ukienda kesho yake ukiwa umetulia itatoka safi, ni kama polisi kufika baada ya mwizi kuishia. Ukiwa karibu na hospitali, enda ikiwa bado inadunda. Ukiwa Nakalale na gari ni ya kesho, ndio zile noti zako zinakuwa ushahidi. Na usikubali "iko sawa" ya karatasi moja iwe mwisho wa kesi kama bado unazimia.

Kuna mashine ndogo inaitwa Holter, unavaa masaa 24 hadi 48 ukiendelea na mambo yako, inarekodi kila pigo. Kuna eko, ile ya picha kama ya wamama waja wazito, inaonyesha vali na vyumba. Na kuna damu: potasiamu, tezi ya shingo ambayo ikizidisha kazi inakimbiza moyo, na kiwango cha damu yenyewe. Hizi zote hutazipata dispensari. Kawaida unaanzia huko ama Kakuma, unapewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti pale Lodwar, na ikizidi ni Moi Teaching and Referral Hospital, Eldoret, zaidi ya kilomita 300 za barabara. Jisajili SHA mapema kwa *147#, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usingoje siku ya ngori. Na weka tarehe ya kliniki ukijua mvua: Tarach na Kawalase zikijaa, barua ya rufaa haiwezi kuogelea.

Matibabu

SVT ina ujanja mmoja unafurahisha. Unapewa bomba la sindano la mililita 10 bila sindano, unapuliza kama unataka kusukuma ile fimbo yake, sekunde 15. Mara tu ukimaliza unalazwa chali, miguu inainuliwa sekunde 15. Hiyo presha inaamsha neva inayoambia moyo utulie. Utafiti wa Uingereza wa 2015 ulipata kwamba kwa kulazwa na kuinuliwa miguu watu 43 kwa kila 100 walirudi sawa, wakati kupuliza tu ukiwa umekaa kulisaidia 17. Ni bure. Mara ya kwanza ifanyike mbele ya mhudumu wa afya, si kwa video ya TikTok.

Ikikataa kuna sindano ya adenosini. Inafanya kazi sekunde chache tu, inazima rodibloki kidogo ndio raundabauti ivunjike. Wagonjwa husema waliona kifo kwa hizo sekunde, alafu ikaisha. Mtu akuambie mapema ndio usiruke kitandani. Na tiba ya kumaliza kabisa ni kuchoma ile waya ya ziada: wanapitisha mrija mwembamba kwa mshipa wa paja hadi kwa moyo, wanatafuta njia mbaya, wanaichoma. Kwa hiyo itabidi ufike Nairobi, na doo yake si ya mchezo.

AF ni mbio ndefu. Kuna dawa za kupunguza kasi, na kuna dawa ya kuzuia damu kuganda. Hii ya pili ndio inakuokoa na kiharusi, na ndio watu huacha kwanza kwa sababu hawaiskii ikifanya kazi. Kama AF yako imetokana na vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, dawa ni warfarini. Kuna dawa mpya za bei ghali ambazo hazihitaji kupimwa pimwa, na watu waliamini zitaizidi. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliofanywa kwa nchi 24 na wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hii, ulipata kwamba ile ya zamani ndio ililinda maisha zaidi. Shida ya warfarini ni kipimo cha INR, inafaa mara nyingi kiwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu ya hapo unavuja. Sukuma kula, lakini kiwango kisipande na kushuka wiki kwa wiki. Diklofenaki na aspirini za kujinunulia achana nazo. Na sista, ukiwa kwa warfarini na unapanga mtoto, ongea na daktari kabla, juu inaweza kuumiza mimba.

Propranolo pia msinunue kwa kemisti ati ya kutuliza woga. Ukiwa na asma inaweza kukufungia kifua.

Moyo wa polepole unaokatika unawekewa pesimeka, kimashine kidogo chini ya ngozi ya kifua, kinafanya kazi ya makanga aliyechoka. Mtu wa kwanza kupandikizwa alikuwa Msweden, Arne Larsson, Oktoba 1958. Ile ya kwanza ilidumu masaa tu. Akabadilishiwa, tena na tena, jumla 26, akaishi hadi 2001, miaka 86. Bei yake ndio inafungia watu wetu nje. Lakini kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan unaosafisha na kupima pesimeka zilizotolewa kwa waliofariki, na Kenya ilikuwa kati ya nchi zilizoshiriki jaribio lake. Matokeo ya 2024, kwa watu karibu 300, yalionyesha zinafanya kazi sawa na mpya. Mimi naona aibu kidogo kwamba mitumba ya moyo inabidi ifanyiwe utafiti, lakini ningevaa.

Mtu akianguka

Ile ya kuua ni wakati vyumba vya chini ndio vinatetemeka. Damu haiendi mahali. Marc-Vivien Foé wa Cameroon, 26 Juni 2003, uwanjani Lyon, hakurudi. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka Machi 2012 akichezea Bolton. Moyo haukupiga wenyewe kwa dakika 78, watu walisukuma kifua na kumpiga shoti 15, na yuko hai. Christian Eriksen alianguka Juni 2021, akawekewa mashine ya kushtua moyo chini ya ngozi, na Euro 2024 akafunga bao.

Kwa Ekaales ama kwa uwanja wa vumbi Kakuma huenda hakuna mashine, lakini mikono iko. Mtu akianguka, haitiki, hapumui vizuri: mmoja apige 1199 ya Red Cross na kutafuta gari, wewe piga magoti. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka. Sukuma chini sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, acha kifua kipande kila mara. Usimmwagie maji, usimpe soda, usimtie kijiko mdomoni. Badilishaneni kila dakika mbili juu utachoka. Na akitoa sauti kama anakoroma, mara moja moja, mtu atasema "mwacheni, amelala." Huko si kulala, na huko si kupumua. Endelea kusukuma hadi asogee mwenyewe ama mwenye mashine afike.